"Akishindwa pesa hairudi": kisa cha milioni 12 na nyumba ya Makorora

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wa kaunta buku, umechanwa kwa haraka upande wa kushoto mpaka mstari mwekundu wa pambizo ukakatika. Juu kuna tarehe, 11 Februari 2023. Chini yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mtu aliyesoma shule za zamani, herufi zote zimelalia upande mmoja:

"Nimepokea sh. 12,000,000/= (milioni kumi na mbili) advansi ya nyumba yangu ya Makorora. Bei ni milioni 68. Zilizobaki ndani ya miezi mitatu. Akishindwa pesa hairudi."

Kisha sahihi mbili, dole gumba la shahidi na namba ya simu ya dalali. Hakuna namba ya kiwanja, hakuna idadi ya vyumba, hakuna jina la mke wala mume wa mtu. Nyumba nzima imeuzwa kwa maneno yasiyofika thelathini.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, ila haituruhusu kusimama mahakamani kumtetea mtu, kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kusikiliza, kueleza sheria, kuandika barua na kuwakalisha watu kitako. Karatasi hiyo ilifika mezani kwangu mwishoni mwa Mei, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya vidonge. Wahusika wameniruhusu kusimulia, majina nimeyaacha. Mnunuzi ni muuguzi, nitamwita Sista kama wanavyomwita wagonjwa wake. Muuzaji ni mstaafu, nitamwita Mzee, na mkewe nitamwita Mama.

Sista alikuwa na milioni 12 alizozikusanya kwa miaka saba, nyingine kupitia kikoba, nyingine kwa zamu za usiku. Zilizobaki, milioni 56, angezipata kwa mkopo wa nyumba benki, na Mzee alilijua hilo. Alitaka kuuza ili ahamie Muheza, alikozaliwa, anunue shamba lenye michungwa amalizie uzee wake huko. Dalali aliwakutanisha siku ya Jumamosi, na alasiri ile ile fedha zikahesabiwa sebuleni. Mama alikuwa msibani Pangani.

Benki ikaanza taratibu zake. Tarehe 28 Machi, siku chache tu tangu Ramadhani iingie, mthamini akaja kuiangalia nyumba. Mama alikuwa ukumbini juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari. Kijana akapita na futi yake ya chuma, akapima chumba cha kwanza, cha pili, akaingia mpaka jikoni. Mama akauliza, Mzee akajibu kwamba ni watu wa kodi ya jengo. Siku ile Mama alinyamaza kwa sababu ya mgeni, lakini alichonisimulia baadaye nilikiandika kama kilivyo: "Kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU ya umeme tangu mwaka juzi, kila mwezi naiona. Huyu wa kupima jiko langu ametoka wapi?" Kabla ya Idi alikuwa ameshajua kila kitu, na ameshaapa kwamba hatatia sahihi popote.

Benki nayo ilikuwa imeitaka sahihi hiyo hiyo. Kwenye fomu zake mna sehemu ya ridhaa ya mwenza wa muuzaji, na pale palipotakiwa picha na sahihi ya Mama palikuwa peupe. Mshahara wa Sista ulitosha, thamani ya nyumba ilikubalika, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mraba ule mmoja. Tarehe 9 Mei benki ikaandika kwamba haiwezi kuendelea. Tarehe 11 miezi mitatu ikatimia. Tarehe 15 Mzee akapiga simu: muda umekwisha, umeshindwa, na karatasi unayo.

*

Neno lililowagombanisha watu hawa ni "akishindwa". Ni neno dogo, na kila aliyeisoma ile karatasi alijaza ndani yake alichokuwa nacho moyoni.

Kwanza, nani akishindwa? Kiambishi a- hakisemi ni muuzaji au mnunuzi. Sista alishika hapo: kashindwa Mzee, kashindwa kumleta mkewe. Lakini sentensi ya kwanza inaanza na "nimepokea", maana anayesema ni muuzaji, na mtu anayejisema mwenyewe hasemi "akishindwa". Kwa hiyo a- hiyo ni ya mnunuzi. Nilimwambia hivyo waziwazi, na ilimuuma, kwa sababu alikuja akitumaini nitamwambia vinginevyo. Maana yake pia ni kwamba karatasi imetaja kitakachompata mnunuzi tu. Muuzaji akiteleza, iko kimya.

Pili, akishindwa na nini? Hapo ndipo nilipompa Sista haki yake. Kushindwa ni mtu kupewa nafasi, njia ikiwa wazi, naye asifike. Aliyefungiwa mlango hajashindwa kuingia, amezuiwa. Pesa za Sista zilikwamia kwenye sahihi ya mtu anayeishi na Mzee nyumba moja, mtu ambaye Mzee alimficha biashara hii tangu siku ya kwanza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inazijua ahadi zinazotegemeana: kama wewe hukufanya sehemu yako inayotakiwa kutangulia, huwezi kumgeukia mwenzio na kumdai kwa kutofanya yake. Anayetaka kubaki na fedha za mwenzake lazima awe mwenyewe alikuwa tayari, na anaweza, kukabidhi kile alichouza. Tarehe 11 Mei, hata kama Sista angefika na milioni 56 kwenye gunia, Mzee asingeweza kumkabidhi nyumba iliyo huru.

Nasema iliyo huru kwa makusudi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa bado ipo. Wengi wanajua hadi hapo. Kinachosahaulika ni kijifungu kinachofuata, kwamba akiuza hata hivyo, aliyenunua anaipokea nyumba pamoja na haki ya yule mwenza kuendelea kukaa humo, mpaka ndoa ivunjike au mahakama iamue vingine. Yaani Sista angemaliza deni la benki la miaka kumi na tano huku Mama bado anakuna nazi kwenye ukumbi ule ule, na sheria ingekuwa upande wa Mama. Benki iliikwepa hatari hiyo kwa niaba yake. Yeye aliiona kama benki imemtupa.

Na hapa Sista naye ana sehemu yake ya lawama, nisingekuwa mkweli nikiificha. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inamtwika anayehamishiwa ardhi wajibu wa kuuliza kama mwenza wa muuzaji ameridhia. Kuuliza ni kazi ya mnunuzi. Sista alikaa sebuleni penye kanga za mwanamke kwenye kamba na viatu vya mwanamke mlangoni, akahesabu milioni kumi na mbili, asiulize mwenyewe yuko wapi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliona haya: kumuuliza mzee wa makamo yale kuhusu mkewe kungeonekana ukosefu wa adabu. Namwelewa. Hapa kwetu haya hiyo ndiyo imeponza wanunuzi wengi kuliko ulaghai.

*

Sasa ile milioni 12 yenyewe ilikuwa nini? Karatasi inasema "advansi", na hapo ndipo penye shimo la pili.

Kiswahili cha pwani kina neno la kitu hiki tangu zamani: arubuni. Ni fedha anayotanguliza mnunuzi kuonyesha kwamba ameshika neno lake. Akinunua inahesabiwa ndani ya bei, akighairi kwa hiari yake anaiacha. Neno limetoka Uarabuni, na fikihi yake, yaani sheria ya Kiislamu inayoliongoza, limekuja nayo. Siku ya kikao cha usuluhishi, nitakachokisimulia mbele, mzee mmoja wa msikitini aliyealikwa na mwenyekiti wa mtaa alieleza jambo ambalo wengi ukumbini hawakulijua, nami nikiwemo mpaka nilipolisoma zaidi baadaye. Ipo hadithi aliyoipokea Imamu Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza uuzaji wa arubuni, na wanazuoni wengi, wa madhehebu ya Shafi inayofuatwa na wengi wa pwani wakiwemo, wameushikilia ukatazo huo: muuzaji asile mali ya mtu bila kumpa kitu. Imamu Ahmad bin Hanbal akaruhusu, na hoja yake kubwa ni kisa cha nyumba. Nafi bin Abdulharith, aliyekuwa liwali wa Khalifa Umar huko Makka, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar akiridhia biashara imekwisha, asiporidhia Safwan abaki na mia nne. Mwaka 1993 baraza la fikihi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Brunei, likaikubali arubuni kwa sharti moja: muda wa kusubiri uwe umetajwa.

Kinachonivutia katika kisa cha Makka ni uwazi wake. Kila mtu alijua biashara inasubiri ridhaa ya nani, na Safwan alijua mapema atabaki na nini Umar asiporidhia. Makorora mwenye kuridhia alikuwepo, ila hakuna aliyemtaja.

Sheria ya serikali imepita njia nyingine na kufika karibu na hapo hapo. Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961 ilifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana wanasheria wetu husoma hukumu za India ingawa hazitubani. Mojawapo ni ya mwaka 1963, maarufu kwa jina la Fateh Chand. Nyumba ya Delhi iliuzwa kwa rupia 112,500. Mnunuzi akatanguliza rupia 1,000 kama arubuni, kisha akalipa 24,000 nyingine alipokabidhiwa nyumba. Biashara ilipovunjika muuzaji alitaka kubaki na zote 25,000. Mahakama ya Juu ya India ikamwachia ile 1,000, kwa kuwa hiyo ilikuwa arubuni kweli. Zile 24,000 ikasema ni sehemu ya bei, na kwa hizo muuzaji apate fidia ya haki tu, kwa mujibu wa kifungu cha 74. Kifungu cha 74 cha kwetu kinasema vivyo hivyo: hata kama mkataba umetaja kiasi cha adhabu, aliyevunjiwa anapata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Kilichoandikwa ni dari. Chini ya dari kuna kipimo.

Ipo na ya Jamaica, iliyofika London kwa rufaa ya mwisho, nayo ni ya mwaka 1993. Benki iliuza jengo kwa mnada ikadai asilimia 25 itangulie. Mnunuzi akachelewa kumaliza kwa siku chache, benki ikajichukulia zote. Majaji wakasema kawaida iliyozoeleka ni asilimia 10, na anayedai zaidi lazima aonyeshe sababu maalumu. Benki ilishindwa kuionyesha, ikaamriwa irudishe fedha yote, ikibaki tu na kile ilichoweza kuthibitisha kwamba imepoteza. Kenya nako, masharti ya uuzaji ya Chama cha Wanasheria yamekaa kwenye asilimia 10, na kwa kawaida wakili ndiye anayezishika mpaka mambo yaishe.

Asilimia kumi ya milioni 68 ni milioni 6 na laki 8. Sista alitoa milioni 12, zaidi ya asilimia 17. Hiyo peke yake ingenifanya nisite kuiita yote arubuni, hata kama angeghairi mwenyewe asubuhi moja kwa kuchoka. Nilimwambia Mzee hivi: lau Sista angeacha kazi, au angependa nyumba nyingine, ningekushauri ushikilie kitu, na kitu chenyewe kiwe kile unachoweza kukionyesha kwa ushahidi kwamba kimekupotea. Kwa hali ilivyo, sioni unachoweza kushikilia.

Mzee alikuwa na jibu. Alisema Aprili alikuja mtu wa milioni 70, akamfukuza kwa sababu ya ahadi yake kwa Sista. Hilo lilikuwa dai zito, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinalipa hasara iliyothibitishwa, kwa hiyo nikampigia mtu huyo. Alikuwa ameuliza bei kwa simu, mara moja. Nyumba hajawahi kuiona ndani.

*

Kikao kilifanyika Jumamosi ya tarehe 10 Juni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya plastiki sita na benchi moja. Tungeweza kwenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku thelathini mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sista alitaka tuanzie karibu zaidi, kwa sababu kila asubuhi anapita mbele ya nyumba ile akienda kazini.

Mzee alianza. "Mwanangu, mimi sikukutafuta. Ulikuja mwenyewe na dalali. Miezi mitatu nilikupa, na maandishi yapo."

"Baba, maandishi sijayakataa," Sista akamjibu, macho chini. "Lakini benki imenirudisha kwa sahihi ya mama, si kwa mshahara wangu."

Mwenyekiti, ambaye hajasoma sheria hata siku moja, ndiye aliyelisema jambo kwa lugha iliyoingia kwa wote. Akauliza: "Mzee, ukipeleka kishika uchumba kwa watu, kijana wako akaghairi, unarudi kudai?" Mzee akasema hapana, huo ni mwiko. "Na wakighairi wao, wa upande wa binti?" Mzee akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Watarudisha." Mwenyekiti hakuongeza neno.

Mama alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, hakuwa ameombwa kusema. Mwenyekiti akamwita. Nilitegemea hasira. Alisema hana ugomvi na yule binti, na kwamba hata Muheza yenyewe huenda angekubali kama angeulizwa. "Nyumba hii tumeijenga mimi nikiuza maandazi. Tofali za vyumba vya nyuma ni maandazi. Angeniambia tu: mke wangu, nimechoka na mji." Mzee aliinamisha kichwa, akawa anasugua goti kwa kiganja, na kwa muda mrefu ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza feni.

Ndipo likatoka lililokuwa limejificha. Zile milioni 12 hazikuwepo tena zote. Milioni 3 na nusu zilikwenda kwenye deni la upasuaji wake wa mwaka uliopita, laki sita kwa dalali, na milioni 5 alikuwa ameshazitanguliza kwa mwenye shamba la michungwa Muheza, bei ya shamba milioni 22. Mwenye shamba naye alikuwa amempa muda, muda ukapita, na juma lile lile alilompigia simu Sista kumwambia umeshindwa, yeye mwenyewe alikuwa amepigiwa simu ya namna hiyo hiyo kutoka Muheza. Alituonyesha risiti yake. Imeandikwa: "arubuni ya shamba."

Nataka msomaji asimcheke Mzee huyu. Kwa jicho langu hakuwa mwizi. Alikuwa amebanwa katikati, na kila shilingi aliyoing'ang'ania Makorora ilikuwa inadaiwa mahali pengine. Migogoro mingi ya arubuni niliyokutana nayo iko hivi: fedha hailali. Inapokelewa asubuhi, jioni imeshakuwa arubuni ya mtu mwingine, na biashara moja ikikatika nyuzi tatu zinafumuka pamoja. Dawa yake ingekuwa fedha ikae mahali ambapo hakuna anayeweza kuigusa, kwa wakili au kwenye akaunti ya pamoja, mpaka karatasi zikamilike. Lakini mtu anayeuza nyumba kwa shida anaitaka fedha leo. Ndiyo sababu anauza.

Safari ya Muheza tulikwenda watatu, mimi, Mzee na mwenyekiti. Huko Mzee ndiye aliyekuwa mnunuzi, na hoja zangu za Makorora hazikumsaidia sana. Mwenye shamba alikuwa tayari siku zote, hati zake safi, mkewe amekaa naye ukumbini na ametia sahihi. Risiti inasema arubuni kwa jina lake. Mzee alikuwa ameshindwa kweli, kwa maana halisi ya neno. Mwenye shamba angeweza kushikilia zaidi, na sijui ningemwambia nini cha kumzuia. Alirudisha milioni 4, akabaki na moja kwa ajili ya msimu aliozuia kuuza shamba, akatufungia na kikapu cha machungwa. Mzee alipokea akamshukuru. Ndani ya basi, tukikaribia Pongwe, alisema: "Huyu kanifanyia haki." Kisha akanyamaza mpaka stendi.

Dalali alikuwa mgumu kuliko wote. Alidai kazi yake ni kukutanisha watu na watu wamekutana. Nilimkumbusha kwamba ndiye aliyesema "mke hayupo, tuandike tu", maneno ambayo Sista na shahidi wote waliyasikia. Alirudisha laki tatu, nusu ya alizopata.

Makubaliano yakawa hivi. Laki tatu ambazo dalali hakurudisha Sista akakubali ziwe hasara yake, pamoja na laki tatu na nusu alizomlipa mthamini, kwa kuwa na yeye hakuuliza alichotakiwa kuuliza. Laki tatu za dalali zikaenda kwake moja kwa moja. Mzee arudishe milioni 11 na laki 4: milioni 2 na laki 8 siku ile ile, kutoka zile zilizokuwa zimebaki kwake, milioni 4 za Muheza zikafuata baada ya wiki mbili, milioni 2 watoto wao walio Dar es Salaam wakachanga Agosti, na milioni 2 na laki 6 zikalipwa kidogo kidogo kwa kodi ya vyumba viwili vya nyuma, vile vya tofali za maandazi, ambavyo Mama mwenyewe ndiye aliyependekeza vipangishwe.

Kabla hatujatawanyika siku ile, Sista aliniomba nimwandikie maneno ya kutumia akipata nyumba nyingine. Nayaweka hapa kwa sababu wengi wameniomba tangu hapo, na hayahitaji kuwa marefu: kwamba fedha hii kiasi fulani ni arubuni na kiasi fulani ni sehemu ya bei, kwamba mnunuzi akighairi kwa hiari yake anaacha arubuni na kurudishiwa zilizobaki, kwamba muuzaji akighairi, au ridhaa ya mwenza ikikosekana, au hati ikionekana na kasoro, anarudisha zote ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, kwamba mnunuzi anategemea mkopo, na benki ikikataa kwa sababu isiyomhusu mnunuzi fedha yote inarudi, kwamba mwenza wa muuzaji yupo hapa, amesoma, na sahihi yake ni hii. Juu kabisa, namba ya kiwanja. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi na utiwe sahihi na yule atakayedaiwa kwao. Haitaki uwe wa kurasa kumi.

Malipo ya mwisho, laki tano na ishirini, yalifanyika Desemba, jioni, kwenye ukumbi ule ule aliopita mthamini. Nilikuwepo kama shahidi. Mzee aliandika kwa kalamu yake ya bluu, mwandiko ule ule uliolala: kwamba Sista amepokea zote, kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Sista akatia sahihi, Mzee akatia sahihi, akaanza kuikunja karatasi. Mama akanyoosha mkono akaichukua, akaiweka juu ya meza, akaisoma mstari kwa mstari midomo ikicheza. Akauliza kalamu iko wapi.